Shaba ipi?

Anayesuka bangili katika makazi ya wakimbizi ya Oruchinga, Uganda, akipanda gari kwenda Mbarara kununua waya, nauli imekwisha kuingia katika bei ya bangili. Akirudi na waya asioutaka, safari ya pili haipo. Ndiyo maana katika maneno yote ya kazi hii, linalonisumbua zaidi ni shaba.

Shaba ni metali nyekundu iliyo ndani ya nyaya za umeme. Shaba pia ni ile ya manjano ya kufuli, ambayo ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki. Medali ya mshindi wa tatu nayo ni ya shaba, na hapo desturi ni kuchanganya shaba na bati. (Bati nalo lina vituko vyake: mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki.) Neno umuringa la Kinyarwanda hubeba mzigo huohuo. Mzee aliyetoka Kongo, ukimtajia Shaba, huenda akakumbuka kwao: Katanga iliitwa hivyo tangu 1971 hadi 1997, kwa sababu ya migodi yake.

Kamusi za zamani zilitenganisha shaba nyekundu na shaba nyeupe, hii ya pili ikiwa ndiyo yenye zinki. Jina la kwanza halina kasoro. La pili silikubali. Metali hiyo ni ya manjano, na weupe kwa sonara una maana nyingine: metali nyeupe za bei nafuu mara nyingi zina nikeli. Iitwayo fedha ya Kijerumani haina fedha hata chembe. Ni shaba, zinki na nikeli, na nikeli huwasha masikio ya watu wengi. Mtu akiomba “shaba nyeupe” akapewa hiyo, muuzaji hana kosa. Tuseme shaba ya manjano, yaishe.

Majina haya yana faida mkononi. Shaba nyekundu ni laini, hupindwa kwa koleo tu. Ukiifua inakakamaa, itie motoni hadi iwive, izamishe majini, inalegea tena. Chuma chenye kaboni nyingi ukikifanyia hivyo kinazidi ugumu. Kwa anayeanza na vifaa viwili vitatu, ianze hii. Jasho litaiachia ngozi alama ya kijani, inayotoka kwa sabuni. Bangili yenyewe husuguliwa kwa ndimu na chumvi. Shaba ya manjano ni kaidi zaidi, ila hushika umbo na kwa mbali hudhaniwa dhahabu. Vya mchovyo sivisifu: utando wake ni mwembamba kuliko unywele, na ukichakaa, rangi ya ndani hujitangaza.

Kwenye hereni, ndoano inayopita tunduni mwa sikio ndiyo pekee ambayo ningeitolea pesa zaidi. Iwe ya fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000, zinazobaki kwa kawaida zikiwa shaba. Ndoano ni kipande kidogo, gharama haiumizi.

Basi dukani usiseme “nipe shaba” ukanyamaza. Taja rangi, kisha omba kukwaruza ncha ya waya kwa kisu. Wekundu ukibanduka ukaona weupe chini yake, hiyo ni alumini iliyovikwa shaba.