Zanzibar ndani ya mchezo wa video: vita na diplomasia huonyeshwaje?

Baadhi ya wasikilizaji wetu huenda wamewaona vijana wakiucheza Civilization VI, mchezo wa video uliotoka mwaka 2016 na ambao sasa unapatikana hata kwenye simu (ukiwa na simu yenye nafasi ya kutosha). Mchezaji huanza na kundi dogo la watu, kisha kwa zamu hujenga miji, hutuma wajumbe na hupigana vita hadi zama za roketi. Wa kwanza katika mfululizo huo ulitoka Marekani mwaka 1991.

Zanzibar imo, ila mchezaji hawezi kuitawala tangu mwanzo kama anavyoitawala Roma au Misri. Imewekwa kwenye kundi la miji midogo inayojitegemea, ambayo kanuni haziiruhusu kushinda. Mataifa makubwa hushindana kuipelekea wajumbe. Lenye wajumbe wengi zaidi, wasiopungua watatu, huwa mlezi wake na hupata karafuu na mdalasini.

Tukiangalia historia, tunakuta mambo tofauti. Seyyid Said, sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza 1839, na Ufaransa 1844. Mwaka 1840 meli yake ilitia nanga New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, pamoja na shehena ya pembe za ndovu, karafuu na tende. Kwa hiyo Zanzibar nayo ilituma wajumbe. Na karafuu hizo zilichumwa na watumwa waliotolewa bara, jambo ambalo picha ya karafuu kwenye skrini haisemi.

Kuhusu vita, mchezo una ukweli fulani. Anayevamia ghafla hulaumiwa kuliko anayemshutumu adui hadharani kwanza na kusubiri zamu tano. Lakini ipo pia kanuni ya "vita vya kikoloni": ukimshambulia aliyeachwa nyuma zama mbili kiteknolojia, lawama hupungua. Ni kanuni inayochukiza, ila kwa maoni yetu haikutoka hewani. Mwaka 1890 Ujerumani iliitambua himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, yenyewe ikapewa kisiwa cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini.

Wengine wameshalalamika. Mwaka 2018 mchezo uliongezewa Poundmaker, kiongozi wa Wacree wa Kanada wa karne ya 19. Mmoja wa viongozi wa jamii yake alisema kumwonyesha kama mtu anayeteka ardhi za wengine kunaendeleza fikra za kikoloni. Huko kwao Poundmaker anakumbukwa kwa jambo la mwaka 1885: askari wa serikali waliowavamia waliposhindwa na kurudi nyuma, aliwazuia wapiganaji wake wasiwafukuze.