Macha: Chai Inayonywewa na Majani Yake

Chai ya rangi, ya maziwa, ya tangawizi: zote huishia kwenye chujio, na majani yakishatoa ladha hutupwa. Macha ya Wajapani haina makapi. Jani husagwa likawa unga laini wa kijani, unga ukapigwa ndani ya maji ya moto, na mnywaji akalimeza jani lenyewe. Kwa hiyo kuiita "chai ya kijani" hakutoshi, maana sehemu kubwa ya chai za kijani huchujwa kama nyingine yoyote.

Kipande cha mwisho cha jina hilo, cha, ndicho chai, na neno la Kijapani na la Kiswahili yana asili moja ya Kichina. Unywaji wenyewe nao ulitoka Uchina, ambako enzi ya nasaba ya Song watu walisaga chai na kuipiga hadi itoe povu. Mtawa Eisai alirudi Japani mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai, na mwaka 1211 akaandika kitabu cha kukisifu kinywaji hicho kama dawa. Baadaye Wachina wakahamia kwenye majani ya kuloweka. Wajapani wakang'ang'ania unga. Karne ya 16 bingwa wa chai Sen no Rikyū akaujengea utaratibu wa kumkaribisha mgeni ambao bado unafundishwa.

Kinachoitofautisha macha na unga mwingine huanzia shambani. Wiki tatu hivi kabla ya mavuno ya kwanza ya mwezi Mei, michai hufunikwa isipate jua. Zamani wakulima walitandaza matete na mabua ya mpunga juu ya vichanja. Siku hizi wengi hutumia vitambaa vyeusi vya plastiki. Jani lililonyimwa jua huongeza klorofili, rangi ikakolea. Theanini, asidi amino ambayo juani hubadilika kuwa katekini zenye ukakasi, hubaki kwa wingi, na ndiyo inayoipa macha ule utamu unaokaribia wa supu. Baada ya kuchumwa, majani hufukizwa kwa mvuke upesi yasigeuke meusi, kisha hukaushwa bila kuviringwa. Vikonyo na vishipa huondolewa. Kinachobaki huitwa tencha, nacho ndicho kinachosagwa. Kinu cha mawe ya graniti hutoa gramu 40 tu hivi kwa saa, kwa sababu kikiharakishwa hupata joto na harufu ya chai huharibika.

Kuiandaa ni kazi ya dakika chache. Gramu 2 za unga hupitishwa kwenye chekecheo zisifanye mabonge, zikatiwa bakulini na maji kama mililita 70 ya nyuzi joto 80. Kifaa cha kupigia, chasen, huchongwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi kilichopasuliwa nyuzi nyembamba. Vingi hutoka Takayama, mkoani Nara. Mtu angeshawishika kukiita upekecho, lakini upekecho huzungushwa kati ya viganja, ilhali chasen husukumwa mbele na nyuma kwa kifundo cha mkono, chapuchapu, ncha zikiwa juu kidogo ya kitako cha bakuli. Iko pia koicha, yenye unga maradufu na maji nusu, isiyopigwa povu bali hukorogwa taratibu hadi ikawa nzito kama uji. Eneo mashuhuri zaidi kwa macha, kusini mwa Kyoto, linaitwa Uji. Ni sadfa tu.

Nje ya bakuli, unga huo hutiwa kwenye aiskrimu, keki, tambi na maziwa, na hata huchanganywa na chumvi ya kuchovyea vyakula vya kukaangwa viitwavyo tempura. Sifa za tiba zinazotangazwa ni nyingi kuliko ushahidi wake. Lililo wazi ni kwamba gramu 2 zina takriban miligramu 64 za kafeini, na kwamba anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, amwulize daktari kwanza, kwa kuwa jani lililosagwa lina vitamini K nyingi.

Kiswahili kiandikeje? "Matcha" yenye t haina kazi, kwa sababu ch yetu inatosha: macha. Isimpoteze mtu silabi ya ma akadhani ni wingi. Tuseme macha hii, kama tusemavyo mashine hii. Kwa herufi kubwa Macha ni jina la ukoo la Wachaga, ambao nchi yao ina sifa ya kahawa.

Tafsiri ya "unga wa chai ya kijani" inavutia, lakini ihifadhiwe kwa bidhaa nyingine: chai ya juani, iliyoviringwa kama kawaida, kisha ikasagwa. Hiyo ni nafuu, na mara nyingi huuzwa kwa jina la macha. Mkanganyiko huo haumo katika Kiswahili pekee. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa ripoti ya kiufundi kufafanua macha ni nini. Maneno "daraja la sherehe" yanayopamba pakiti za ng'ambo hayana kipimo cha kisheria nchini Japani. Rangi humsaidia mnunuzi zaidi: kijani iliyokolea ni dalili ya kivuli, na unga unaoelekea umanjano aghalabu ni wa jani la juani au umekaa mno.