Neno «Ukomo»
Seremala wa Keko, wilayani Temeke, apendaye kujua atengeneze meza ngapi na viti vingapi ili faida iwe kubwa kabisa, akijibiwa na kompyuta, kwa ile njia ya hesabu aliyoibuni mwanahisabati George Dantzig mwaka 1947, kwamba faida yake haina ukomo, asidhani amefunguliwa hazina. Kwani ukomo, jina litokanalo na kitenzi koma, huwekwa na masharti ya mbao, saa za kazi na fedha, na yamkini sharti moja limesahauliwa, au «isizidi» imeandikwa «isipungue». Wala tusiseme hesabu haina jibu: hiyo ni ila nyingine, ya masharti yapinganayo. Ewe msomaji, kipe kila kiasi kitafutwacho, cha meza na cha viti, ukomo wa muda tu, kama 1,000,000, kisha tazama kipi kimeufikia. Sharti lililopotea litafute hapo.