Kimea, Sheria na Maarifa Yaliyokatazwa

Kimea si kitu kigeni kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Ulezi au mtama uliolowekwa, ukaachwa uchipue, kisha ukaanikwa na kusagwa, ndio uutiao uji utamu na pombe nguvu. Wazungu hutumia shayiri kwa kazi hiyo hiyo, ila wao walizidisha hatua. Maji matamu ya kimea huchujwa na kukaushwa hata yakawa mazito kama asali. Na yakipulizwa katika hewa ya moto, huwa unga mkavu. Mwenye asali hiyo au unga huo aweza kupika bia jikoni mwake bila ya kinu wala tanuri. Habari za kitu hiki katika nchi ya Marekani zafunza jambo kubwa kuliko bia yenyewe.

Tarehe 17 Januari 1920 yalianza kutumika mabadiliko ya 18 ya katiba ya Marekani, yaliyokataza kutengeneza na kuuza vileo. Sheria ya Volstead, iliyoyatekeleza, ilihesabu kuwa kileo kila kinywaji chenye alkoholi 0.5 katika mia au zaidi. Viwanda vya bia vikatafuta riziki nyingine, na Anheuser-Busch na Pabst ni miongoni mwa waliouza asali ya kimea katika makopo. Kimea ni chakula, nacho hutiwa katika mikate. Basi kuuza kopo hakukuwa kosa. Walakini baadhi ya makopo yalikuwa yamekwisha tiwa hopsi, ua chungu litumikalo katika bia, na hapana mwokaji atakaye mkate mchungu. Muuzaji alijua, mnunuzi alijua, na kila mmoja alinyamaza.

Sababu ya ukimya huo ilikuwamo katika sheria. Kifungu cha 18 kilikataza kutangaza au kuuza chombo, kitu, au hata maelekezo yaliyokusudiwa kutengenezea kileo kisicho halali. Hivyo kimea kilipita mlangoni, na elimu yake ikabaki nje. Watu walifundishana kwa kunong'ona. Walitumia hamira ya mikate, wakatia bia katika chupa kabla haijamaliza kuchacha. Hewa ikajaa ndani, na chupa zikapasuka.

Marufuku yaliondolewa tarehe 5 Desemba 1933, lakini bia ya nyumbani haikupata ruhusa iliyopewa mvinyo wa nyumbani. Uingereza iliondoa leseni ya bia ya nyumbani mwaka 1963. Marekani ilingoja mpaka tarehe 14 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria iliyoruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, au 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Mwaka huo huo chama cha wapikaji wa nyumbani kiliundwa mjini Boulder, Colorado. Hata hivyo kila jimbo lilikuwa na amri yake. Alabama na Mississippi ziliruhusu mwaka 2013 tu.

Faida ya uwazi huonekana katika mambo madogo. Unga wa kimea una kiu kali ya maji. Ukinyunyizwa juu ya chungu kinachotokota, mvuke huuwahi kabla haujafika majini, nao huganda kwenye kijiko na ukingoni. Uliofika majini hufanya madonge: nje ni ute, ndani ni unga mkavu usiofikiwa na maji. Donge likizama, huungua chini, na bia hupata ladha ya moshi. Dawa yake ni nyepesi: chungu kiepuliwe, au unga utiwe katika maji ya baridi au ya uvuguvugu, ukorogwe, kisha uachwe kidogo, madonge hulowa na kuyeyuka yenyewe. Baadaye ndipo moto huwashwa, na mpikaji hukaa karibu, kwa kuwa povu la kwanza hupanda ghafula.

Maelekezo kama haya sasa huchapishwa wazi na kusahihishwa na wajuzi. Kati ya 1920 na 1933 kuyauza kwa ajili ya bia kungaliweza kuwa kosa. Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Na sheria iliyoacha kimea dukani, ikaficha maarifa yake, haikuzuia bia kupikwa. Ilichozuia ni kupikwa vema.