Kwa nini watu wa vijiji wanaanza biashara ndogo

Katika Kivu, misimu ya kulima ni miwili: A inaanza Septemba, B Februari. Maharagwe yanakomaa kwa miezi karibu 3, muhogo unaweza kupita mwaka. Lakini chumvi, sabuni na dawa ya mtoto hazingoje mavuno. Ndiyo maana mama anaweka meza pembeni ya barabara: anatafuta franka ya kila siku, utajiri hauko mu hesabu yake.

Kuna pia masomo. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari bado inalipwa. Tena vita: mkimbizi hana shamba, na ule aliyebaki anaogopa kufika kwa lake.

Mtaji unatoka mara nyingi kwa likelemba: kila mmoja anatoa kiasi kilekile, mmoja anapokea yote, kwa zamu. Mu vikundi vya AVEC watu wanaweka akiba, wanakopeshana kwa riba, wanagawana mwisho wa mzunguko.

Kusema kweli, ugonjwa unaweza kuua biashara hizi. Deni moja la hospitali, mtaji wote umekwisha, na mama anarudia kulima shamba la wengine kwa malipo ya siku.