Tisa au Arobaini na Tano? Swali Lililozaliwa Ufilipino

Kama ulisikiliza kipindi chetu kilichopita, kile cha usalama wa nyumbani, utakumbuka niliachia stori njiani. Nilisema mimi na mume wangu tulienda dukani kuangalia bastola, halafu muda ukaisha na mwenzangu akafunga kipindi. Wengi mmeniandikia mkiuliza: sasa dada, mlinunua ipi? Jibu lake ni refu kidogo na lina historia ndani, kwa hiyo nimeona bora niliandike.

Ilikuwa hivi. Mtaani kwetu hapa Houston nyumba mbili zilivunjwa ndani ya mwezi mmoja, na mume wangu anafanya kazi za usiku. Kwa wenyeji wa Texas dawa ya hofu kama hiyo inajulikana. Tukaenda. Muuzaji, mzee mmoja mpole sana, hakutuuliza kama kweli tunahitaji bastola. Aliuliza tu: "Tisa au arobaini na tano?" Mteja aliyekuwa pembeni akadakia kwamba tisa inamkasirisha mtu tu, arobaini na tano ndiyo inayomlaza chini. Mume wangu akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba alilijua hilo tangu utotoni kwao Tanga.

Mimi nilisoma takwimu chuoni. Nikisikia mtu anasema kitu kwa uhakika namna ile, najiuliza: nani alipima? Na alimpimia nani?

Hizo namba ni za nini

Namba hizo zinataja kaliba, yaani upana wa risasi. "Tisa" ni milimita 9. Risasi hii ni ya Georg Luger, Mwaustria aliyefanya kazi Ujerumani, na ilitoka mwaka 1902, na jeshi la Ujerumani likaichukua rasmi pamoja na bastola yake mwaka 1908. "Arobaini na tano" ni sehemu 45 za inchi iliyogawanywa mara 100, yaani zaidi kidogo ya milimita 11. Hiyo ni ya Mmarekani John Browning, na bastola yake iliingia jeshini mwaka 1911. Risasi ya tisa ni nyepesi na ina kasi. Ya arobaini na tano ina karibu uzito mara mbili lakini inakwenda polepole zaidi.

Tofauti ya upana ni milimita mbili na kitu. Kwa milimita hizo watu wamegombana zaidi ya miaka 100.

Wamoro, ng'ombe na maiti

Ugomvi wenyewe ulianzia Ufilipino. Marekani iliichukua nchi hiyo kutoka kwa Wahispania mwaka 1898, na mwaka uliofuata ikawa vitani na Wafilipino wenyewe. Kusini, upande wa Mindanao na Sulu, ilikutana na Wamoro: Waislamu, watu wa bahari, wenye masultani wao. Ukiwa na bibi aliyezaliwa Unguja, habari ya watu wa namna hiyo haikupi shida kuielewa.

Askari wa Kimarekani walikuwa na rivolva za .38. Wakaanza kulalamika kwamba mtu anapigwa risasi mbili, tatu, na bado anakuja na panga lake. Jeshi likarudisha rivolva za zamani za .45 zilizokuwa zimewekwa stoo, kisha mwaka 1904 likawapa kazi maofisa wawili, John Thompson na daktari Louis La Garde, watafute jibu la kisayansi.

Wakaenda kwenye machinjio ya Chicago. Waliwapiga ng'ombe risasi za kaliba mbalimbali na kuangalia wanaanguka baada ya muda gani. Walizipiga pia maiti za watu zilizoning'inizwa, wakipima zinavyoyumba. Ng'ombe walikuwa wachache, hawakupigwa wote mahali pamoja, na wengine walipigwa risasi nyingi wakabaki wamesimama. Kama mwanafunzi angeniletea jaribio la aina hiyo ningemrudisha akaanze upya. Lakini ripoti ikatoka: risasi ya bastola ya jeshi isiwe chini ya .45. Sentensi hiyo ndiyo iliyotuzalia bastola ya 1911, na ndiyo ile ile niliyoisikia kwa yule jamaa dukani.

Kuna mambo mawili hayakufika dukani. La kwanza, ile .38 iliyolaumiwa ilikuwa na upana wa takriban milimita 9, sawasawa na risasi ya Luger. Tatizo lake kubwa lilikuwa udhaifu: baruti kidogo, mwendo wa taratibu. Upana ulibeba lawama ambayo haikuwa yake peke yake. La pili, ripoti hiyo hiyo ilisema kwamba hakuna risasi ya bastola inayomsimamisha mtu kwa uhakika isipogonga sehemu nyeti, kwa hiyo askari wafundishwe kulenga bila kuchoka. Sentensi ya kaliba ikabaki vichwani mwa watu, ya mafunzo ikasahaulika.

Baadaye La Garde aliandika habari za mfungwa mmoja, Antonio Caspi, aliyejaribu kutoroka kisiwani Samar mwezi Oktoba 1905. Alipigwa risasi nne za .38 kwa karibu, tatu kati ya hizo kifuani, akaendelea kupigana mpaka alipogongwa kwenye paji la uso kwa kitako cha bunduki. Samar si nchi ya Wamoro, lakini hadithi zote zilichanganywa zikawa moja: mtu wa mbali, wa dini nyingine, ambaye hafi kirahisi.

Baba yangu na maji

Nilipomsimulia baba kwenye simu alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Mwanangu, huo mwaka 1905 si ndio wa Maji Maji?"

Ndio wenyewe. Mwezi Julai mwaka huo Wamatumbi waliinuka dhidi ya Wajerumani, na vita vikasambaa kusini yote. Kinjeketile wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji akiwaambia kwamba risasi hazitawadhuru. Risasi ziliwadhuru sana, na baadaye njaa, ambayo Wajerumani waliisababisha kwa kuchoma mashamba na maghala, iliua watu wengi zaidi kuliko risasi.

Sisi tuliosoma nje tumezoea kuwacheka, au kuwahurumia, babu zetu kwa yale maji. Lakini upande wa pili nao ulikuwa na imani yake. Katika mkutano wa Hague mwaka 1899 mataifa yalikubaliana kutotumia vitani risasi zinazotanuka mwilini, zile za dumdum, zilizopewa jina la kiwanda cha Waingereza karibu na Calcutta. Uingereza na Marekani ziligoma. Mjumbe wa Uingereza alitetea risasi hizo kwa hoja kwamba katika vita vya makoloni adui hasimami kwa risasi ya kawaida kama anavyosimama Mzungu. Yaani swali la "risasi gani inamlaza mtu" lilipoulizwa mara ya kwanza kwa sauti kubwa, huyo mtu alikuwa sisi au majirani zetu.

Mambo yamegeuka sasa. Risasi za kujilindia zinazopendekezwa leo ni zile zenye tundu kwenye ncha, zinazotanuka, kwa sababu nzuri tu: hazipitilizi kirahisi na kumpiga mtu wa nyuma. Na mimi mjukuu wa kusini nimesimama dukani Houston naonyeshwa boksi lake.

Miami, 1986

Mwaka 1985 jeshi la Marekani liliiacha .45 likahamia milimita 9, sawa na wenzake wa NATO. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Mapema kabisa katika mapambano, jambazi mmoja alipigwa risasi ya milimita 9 iliyopita mkononi, ikaingia kifuani na kusimama kama inchi moja kabla ya moyo. Jeraha hilo lingemuua, lakini aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa, akiwa na bunduki ndefu.

FBI wakailaumu risasi. Wakaweka kipimo kipya: risasi izame kwenye jeli ya majaribio inchi 12 mpaka 18. Wakachukua risasi ya milimita 10, wakaona wengi hawaimudu kwa inavyorusha mkono, na mwaka 1990 ikatoka risasi ya kati, .40. Polisi nchi nzima wakabadilisha bastola. Halafu mwaka 2014 FBI wenyewe wakaandika kwamba, kwa risasi za siku hizi, kaliba hizi haziachani kwa maana yoyote mwilini mwa mtu, na kwamba askari hulenga vizuri na haraka zaidi wakitumia milimita 9. Wakarudi kwenye tisa. Katika waraka huo walikiri kwamba katika mapambano ya kweli askari hukosa risasi 70 hadi 80 kati ya kila 100.

Hao ni watu wanaolipwa kufanya mazoezi. Nikawaza kuta za nyumba yetu, zile mbao za jasi ambazo risasi ya kaliba yoyote kati ya hizi inazipita, na nani analala nyuma yake.

Kuna jambo jingine FBI waliliandika mwaka 1989: hata moyo ukiharibiwa kabisa, ubongo unabaki na oksijeni ya kumtosha mtu kutenda apendavyo kwa sekunde 10 hadi 15. Kwa hiyo ile bastola ya kumlaza mtu papo hapo, iliyotafutwa tangu Ufilipino, ni kama yale maji. Watu waliihitaji sana, ndiyo maana waliiamini.

Basi tulinunua ipi?

Kama unanunua, na umeshaamua, jibu langu ni tisa. Mkono utaimudu, risasi za mazoezi ni nafuu, na mazoezi ndiyo yatakayokusaidia. Nilijaribu zote mbili kwenye uwanja wa shabaha. Kwa .45 risasi yangu ya pili ilikuwa inakwenda popote inapotaka.

Lakini sisi hatukununua. Mdogo wangu anaishi nasi tangu mwaka jana, chumba cha pili, na amepitia kipindi kigumu ambacho si changu kukisimulia hapa. Ameniruhusu niseme hivyo tu. Hapa Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua wenyewe. Dukani tulizungumza nusu saa nzima juu ya mgeni anayeingia usiku kupitia dirishani. Hakuna aliyetuuliza juu ya walioko ndani tayari. Na kwao hao, tisa au arobaini na tano ni mamoja.

Mume wangu hakupenda. Alisema namwacha mke wake usiku bila kinga, na sikuwa na jibu la kumtuliza kabisa, maana hofu yake ni ya kweli. Tulibadilisha mlango wa nyuma, tukaweka taa zinazowaka mtu akipita, na tukakubaliana tutalizungumza tena mwakani, sote watatu mezani. Mpaka sasa, saa nane usiku nikisikia kishindo, bado naamka. Naenda kwanza chumba cha pili kumsikiliza akipumua, halafu ndiyo naangalia dirisha.