Maji ya Mtungi na Historia ya Chikungunya katika Uwanda wa Makonde, 1952–1953

Insha hii inahoji kwamba mlipuko wa chikungunya wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, juu ya bonde la Ruvuma, hauelezeki kwa virusi peke yake. Historia ya maji ni sehemu ya chanzo chake. Uwanda wa Makonde hauna maji ya kutosha juu yake. Wakazi waliyateka mabondeni, mwendo mrefu, wakayahifadhi majumbani. Humo vyomboni ndimo mbu Aedes aegypti alimozaliana. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo, hustahimili ukavu, kisha huanguliwa maji yanapopanda.

Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha taarifa zao mwaka 1955, R. W. Ross akafuata mwaka 1956 kwa kueleza jinsi virusi vilivyotengwa. Dalili zilifanana na za dengi, ila maumivu ya viungo yalimkunja mgonjwa. Jina la Kimakonde lina maana hiyohiyo ya kujikunja. Hivyo wenyeji waliutaja ugonjwa kwa sifa yake bainifu kabla ya maabara kuuthibitisha.

Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu na Mombasa, na watafiti wakauhusisha mlipuko huo na ukame na uhifadhi wa maji majumbani. Kuwahimiza wananchi wafunike mitungi kunafaa. Lakini kuwalaumu kwa kuihifadhi ni kusahau kwamba mtungi ulijibu uhaba. Kinga ya kudumu ni maji ya bomba yasiyokatika.